Ovaholi ya Land Rover 109 pikapu hapa Mbeya: uzoefu wangu

Wakuu, hii ni kwa wenye pikapu za zamani huku Nyanda za Juu Kusini, hasa wale ambao kila wakiingia gereji wanaambiwa jambo lile lile: toa injini ya Mwingereza, haina nguvu, weka ya Mjapani. Nina Land Rover 109 Series III ya petroli, pikapu ya mizigo. Nilikataa kubadilisha injini, nikaifanyia ovaholi hapa hapa Mbeya, na sasa inabeba viazi kutoka Uyole bila kulalamika. Kazi ya injini nimeridhika nayo mno. Breki pia. Rangi ndiyo iliyonisumbua, na nitaeleza kwa nini.

Kwa asiyelifahamu gari hili: Series III zilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na hiyo 109 ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Injini yake ya silinda nne ina cc 2,286, iwe ya petroli au ya dizeli. Ya petroli ina nguvu za farasi wapatao 70 tu, kwa hiyo anayetaka mbio atafute gari lingine. Uzuri wake ni kwamba inavuta ikiwa bado kwenye mzunguko mdogo, na kila kitu ndani yake kinafunguka kwa spana na kufungika tena. Hakuna kompyuta wala sensa.

Sasa hoja ya "haina nguvu". Mji wa Mbeya uko kwenye mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kwa kimo hicho presha ya hewa iko chini kwa karibu asilimia 18 kuliko Dar es Salaam, na injini isiyo na tabo inavuta hewa iliyopo, haiwezi kuvuta isiyokuwepo. Farasi 70 za kitabuni huku zinakuwa chini ya 60 hata kama injini ni mpya kabisa. Dizeli ya Kijapani isiyo na tabo nayo inapoteza vivyo hivyo. Wengi wanatoa injini nzima iliyokuwa inahitaji kurekebishwa kwa ajili ya mlima, wanaingia gharama ya kukata chasisi, kutengeneza mauntingi mpya (vishikizi vya injini) na kuunganisha giaboksi isiyo yake, halafu namba ya injini kwenye kadi ya gari hailingani tena na iliyoko kwenye boneti. Mimi naona ni hasara, na ni kuliondolea gari roho yake.

Karakana ya kuchonga injini niliyoitumia iko hapa mjini, ndogo, ina mzee mmoja na vijana wake. Kilichonifanya niwaamini ni kwamba hawakutaja bei kabla ya kupima. Kijana alichomeka geji ya kompresheni, ile inayopima presha ndani ya silinda, akasoma, akafungua kitabu na kutikisa kichwa.

"Bosi, silinda zote zimekwisha. Kitabu kinataka zaidi ya hapa."

Mzee akamjibu akiwa anafuta mikono: "Kitabu hicho kimeandikwa pwani, mwanangu. Ondoa karibu moja ya tano kwanza, halafu niambie silinda ipi inatofautiana na wenzake."

Maneno hayo yana thamani kubwa kwa kila mtu wa Mbeya, Njombe na Makete. Geji ya kompresheni inategemea uzito wa hewa inayoingia, kwa hiyo huku juu lazima isome chini hata kwa injini nzima. Cha kuangalia zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda. Kisha wakamwaga oili kidogo kupitia tundu la plagi katika kila silinda na kupima upya. Silinda tatu zilipanda, maana yake ringi zimelika na oili imeziba mianya kwa muda. Silinda ya pili haikupanda, maana yake hewa inatorokea kwenye valvu. Kipimo hiki hakihitaji mashine ya gharama, na fundi yeyote anayetaka kuchonga injini yako bila kukifanya, muulize anajuaje tatizo liko wapi.

Jambo la pili walilonifurahisha nalo: walikataa kuchonga silinda kabla sijaleta pistoni mpya mkononi. Pistoni za ovasaizi ya 20, yaani sehemu 20 za elfu moja ya inchi, hazitoki kiwandani zikiwa sawa kabisa, na hizi za kuagiza siku hizi zinatofautiana zaidi. Walipima kila pistoni kwa maikromita, wakaiandika namba, na kila silinda ikachongwa kwa pistoni yake. Kranki shafti ilisagwa kidogo na kuwekewa beringi za saizi inayolingana. Kwenye hedi walibadilisha viti vya valvu za ekzosi na kuweka vya chuma kigumu. Injini hizi zilizaliwa enzi za petroli yenye risasi (ledi), na risasi ndiyo iliyokuwa inalinda viti hivyo. Tangu nchi zetu za kusini mwa Sahara zilipoiondoa mwanzoni mwa 2006, kiti laini kinaliwa polepole, valvu inazama, na kompresheni inatoroka. Kama hedi yako inafunguliwa kwa sababu yoyote, fanya kazi hiyo hapo hapo.

Valvu zote wakaziwekea nafasi ya elfu 10 za inchi, yaani milimita 0.25, na injini ilipopata moto na kupoa walikaza tena bolti za hedi. Hiyo hatua ya mwisho wengi wanairuka, ndipo gasketi inapokatika njiani.

Kabureta ndiyo sehemu ninayotaka mnisikilize zaidi. Jeti ya kiwandani, yaani kitundu kinachopitisha petroli, imepimwa kwa hewa nzito. Huku juu petroli inakuwa nyingi kuliko hewa, plagi zinatoka nyeusi zenye masizi, gari linanusa, na mlimani linazubaa. Fundi wa kawaida atazungusha skrubu ya mchanganyiko. Skrubu hiyo inasaidia sailensi tu, gari likiwa limesimama linanguruma. Unapopanda na mguu uko chini, inayofanya kazi ni jeti kuu, na dawa yake ni jeti ndogo zaidi. Msikubali fundi aichokonoe jeti kwa waya au kuitoboa ili "ipate nguvu". Anaongeza tatizo lile lile, na jeti iliyotobolewa hairudi. Baada ya kubadilisha jeti yangu, plagi zinatoka kahawia iliyopauka na ulaji wa mafuta umetulia kwenye lita moja kwa kilomita tano hadi sita, ambao kwa gari hili ni wa kawaida kabisa.

Taimingi, yaani wakati wa plagi kupiga cheche, nayo tuliiongeza nyuzi chache, maana hewa nyepesi inaungua polepole na haigongi upesi. Lakini ukishuka Kyela, ambako ziwa liko chini ya mita 500, au ukiteremka kwenda Dar, sikiliza. Ukisikia injini inagonga kama mawe kwenye kopo unapokanyaga mafuta, rudisha taimingi nyuma.

Halafu themostati, ile valvu inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Nawasihi, acheni kuzitoa. Najua kila gereji Tanzania inaitoa ikidhani inasaidia gari lisichemke. Mbeya mwezi wa sita na wa saba asubuhi kuna baridi kali, na injini isiyo na themostati inatembea ikiwa baridi nusu ya safari. Petroli isiyoungua inateremka kwenye oili, oili inakuwa nyepesi, na ringi ulizolipia zinalika. Kinachozuia kuchemka ni rejeta safi na kifuniko chake kizima. Kwa kimo chetu maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi kama 94, siyo 100. Kila paundi moja ya presha ya kifuniko inaongeza takriban nyuzi moja na nusu. Kifuniko kilichokufa springi kinakupotezea usalama huo wote, na ni spea ya bei ndogo kuliko zote kwenye mfumo wa kupoza.

Breki sikuzifanyia mzaha, maana anayeishi hapa anaijua Mlima Nyoka na anaujua mteremko wa Iwambi. Nilibadilisha masta silinda, silinda za magurudumu yote, mipira na viatu vya breki. Shida ya 109 iliyowashinda mafundi wengi ni kutoa hewa: magurudumu ya mbele yana silinda mbili kila moja, na hewa inajificha juu. Unapampu mpaka unachoka na pedali bado ni laini. Njia iliyofanya kazi ni kukaza adjasta zote (zile zinazosogeza viatu vya breki) mpaka viatu vishike dramu kabisa, ndipo utoe hewa, halafu uzilegeze mpaka gurudumu lizunguke. Pistoni za silinda zikiwa zimerudi ndani, nafasi ya hewa kujificha inapungua. Pedali yangu ikawa ngumu pale pale. Na mipira ya breki isioshwe kwa petroli hata mara moja, itavimba. Tumia fluidi ya breki yenyewe au spiriti.

Chasisi nitapita haraka. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, haipati kutu, na ndiyo inayodanganya wanunuzi. Chasisi ni chuma tupu. Kabla ya kununua, ingia chini na nyundo ndogo, gonga bimu ya nyuma, mikono inayobeba bodi, na sehemu zinaposhika springi. Panapotoa sauti nzito isiyolia, pameoza. Langu lilioza bimu ya nyuma na mikono miwili, likachomelewa vizuri. Hakikisheni betri na alteneta vimechomolewa kabla welda hajawasha mashine.

Sasa rangi. Sitataja gereji. Fundi alikuwa hodari kwa magari ya kawaida ya bati, na hapo ndipo shida ilipoanzia: alipiga msasa, akaweka puti na praima ya kawaida moja kwa moja juu ya aluminiamu. Haikumaliza masika. Ikaanza kuvimba mapovu kwenye milango, kisha ikabanduka vipande kama gamba. Aluminiamu inajitengenezea utando mwembamba mara tu inapoguswa na hewa, na praima ya kawaida haiushiki. Inatakiwa praima ya asidi, ile inayong'ata metali, ipigwe muda mfupi baada ya msasa. Aidha, pale aluminiamu inapogusana na chuma, weka mpira au rangi nzito katikati, la sivyo unyevu ukiingia aluminiamu inageuka unga mweupe. Kazi ilibidi irudiwe yote na fundi mwingine. Kabla hamjakabidhi Land Rover kwa mpiga rangi, mwulizeni anatumia praima gani kwenye aluminiamu. Akisema "hiyo hiyo", ondokeni na gari lenu.

Umeme ulikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa, kwa sababu rangi za waya za Uingereza zina mpangilio. Kahawia inatoka betri moja kwa moja, nyeupe ni ya swichi, kijani ni ya swichi lakini imepita kwenye fyuzi, bluu ni taa kubwa, nyekundu taa ndogo, nyeusi ni athi. Fundi umeme akitaka kuunganisha kila kitu kwa waya mwekundu aliobaki nao, mzuieni kwa heshima na mnunue waya wa rangi zake. Atakayelifungua gari hilo miaka ijayo atawaombea dua.

Kuhusu spea: Mbeya utapata vya kawaida, gasketi, plagi, pointi, kondensa. Pistoni, beringi na viti vya valvu viliagizwa Kariakoo vikaja kwa basi. Vingine vilitoka Arusha, ambako Land Rover zina wapenzi wengi mno. Walioliona tamasha la Land Rover la Oktoba 2024 kule wanajua nasema nini. Kabla ya kuagiza, soma namba ya chasisi na ya injini kwa simu, usiseme tu "Land Rover ya zamani". Na mnunue seti ya spana za inchi. Spana za milimita zinakula kona za nati, na nati ikishazungushwa hivyo kazi ya dakika moja inageuka ya kukata kwa gesi.

Je, naishauri kwa kila mtu? Kama kila wiki unakimbiza mzigo Dar kupitia Kitonga, hapana. Spidi yake na kelele yake vitakuchosha, na mafuta yatakumaliza. Kama kazi yako ni shamba, soko, matope ya Rungwe na barabara za Makete, na una moyo wa kulishughulikia gari mwenyewe, karakana zetu zinaweza kulirudisha likawa zima, na gharama yangu ya injini ilikuwa ndogo kuliko bei niliyotajiwa ya kubadilisha kwenda ya Kijapani.

Limebaki jambo moja. Yale matufe ya chuma kwenye ncha za ekseli ya mbele, ambayo nyumba ya gurudumu inazunguka juu yake unapokata kona, langu la kushoto limechimbika kromu, linakata sili na kumwaga oili hata sili ikiwa mpya. Kuna wanaojaza vishimo kwa gundi ya epoksi na kusugua mpaka pawe laini, na kuna wanaosema lipigwe kromu upya. Aliyewahi kulipiga kromu upya Iringa au Makambako na likadumu, naomba aniambie alilipeleka wapi.