TAHADHARI!! Kidude cha kupunguza mwanga wa taa za LED, Kariakoo, ndani hamna kitu

Jamani wenye magari nisomeni kabla hamjaenda Kariakoo. Nimepigwa elfu 65 mchana kweupe na mtu aliyekuwa ananiita shemeji, hapa naandika mikono inatetemeka.

Gari yangu ni Toyota IST, ilinitesa kwenye safari ya msiba, taa za njano huoni kitu. Sa mimi sikutaka LED za kuumiza watu macho, ndo maana nikaenda upande wa Gerezani kuulizia zile zenye kidude cha kuongeza na kupunguza mwanga, ukiwa mjini unashusha, ukiwa porini unapandisha. Duka la tatu jamaa akasema zipo. Duka la vioo, rafu zimejaa, kuna mzee kakaa pembeni na kahawa yake anaitikia kila kinachosemwa, nikaona hapa ni kwa watu wazima. Akaniuliza kwetu wapi, nikamwambia Tanga, akashika kichwa, "aah shemeji, mke wangu si wa Pangani!" Nikalegea hapo hapo.

Akaweka betri kaunta, akachomeka balbu moja, akaielekeza ukutani. Akazungusha kile kidude taratibu kama unavyopunguza sauti ya redio, mwanga ukashuka, ukashuka mpaka ukawa kama wa kibatari, akapandisha tena mpaka nikafumba macho. Akanipa na mimi nizungushe. Nilizungusha kwa mkono wangu jamani!! Hicho ndo kinaniuma, nimeona kwa macho, nimeshika kwa mkono, nani asingeamini? Nikamwambia nipe hii hii, akasema hiyo ya maonyesho imeshachoka shemeji, ngoja nikupe mpya. Kijana akapanda juu akashuka na boksi lina nailoni yake, limeandikwa 200W. Laki moja, akashusha mpaka 65. Nikasema basi tuijaribu na hii, akasema sili ikivunjwa hapa dukani garantii ya miezi 6 inakufa, fundi wako ndo aifungue. Nikakubali.

Fundi kafunga jioni, taa zikawaka nyeupe kali, nazungusha hakibadiliki kitu. Nikampigia, akapokea vizuri tu, "shemeji mpaka zipate moto, tembea nazo kama saa moja." Nikaondoka usiku ule ule na mama.

Kuanzia Bagamoyo kwenda Msata kila semi linalokuja mbele linanipiga fulu, nazungusha mpaka vidole vinauma, nikashusha na kile cha kwenye dashibodi cha 0 mpaka 5, kumbe kile kinainamisha taa tu, mwanga unabaki ule ule. Mama nyuma anasoma dua kwa sauti. Hatujafika Mkata taa ya kulia ikaanza kuchezacheza ikazima kabisa. Tukajikongoja na taa moja, tukalala sheli ndani ya gari, mimi na mama yangu wa miaka 71.

Asubuhi fundi wa pale kafungua kile kidude. Nyaya mbili zinaingia huku, zile zile zinatokea kule, hazijakatwa popote. Cha kuzungushia kimebandikwa gundi, hakijaunganishwa na chochote, alafu kuna kipande cha chuma kimewekwa ili kiwe kizito mkononi. CHUMA! Fundi anasema balbu nyingi za LED zina draiva inayoshikilia umeme usibadilike, hata ukipunguza volti hazififii vizuri, zinachezacheza tu. Kidude cha kweli kinakata na kuwasha umeme haraka haraka mpaka jicho halishtuki, na balbu yenyewe lazima iwe inayokubali. Na hiyo 200W ni maneno ya boksi, balbu ya kawaida ya halojeni, ile ya H4, yenyewe ni wati 60 ukiwasha fulu na 55 ukishusha, sa waya mwembamba vile unabeba 200 wapi?

Huyu mtu afungiwe duka. Tume ya Ushindani, TBS, polisi, yeyote mwenye mamlaka apite pale achane yale maboksi moja moja, na yeye akalale gerezani Keko aone usiku unavyokuwa mrefu. Dereva wa semi angepofuka sekunde mbili tu leo mngekuwa mnanichangia sanda, mimi na mama, kwa ajili ya elfu 65 yake! Na yule mzee wa kahawa naye ajibu, alikuwa anaitikia nini?

Mtakaonunua, ijaribiwe ILE ILE unayoondoka nayo, akileta habari za sili ondoka. Mimi alinipa risiti ya mkono haina TIN nikaikunja mfukoni bila kuangalia, ninyi daini ya mashine ya EFD. Namba yake sasa haipatikani.

Jumatano nashuka Dar na kidude changu hivyo hivyo kimefunguliwa. Atakayekuwa Kariakoo siku hiyo aniambie tuongozane, nataka akizungushe mbele ya wateja wake.