Lenzi ya Sonara Shambani: Tathmini Baada ya Msimu Mmoja wa Mvua

Lenzi hii ndogo ya kukunja, ya aina wanayoitumia masonara kukagulia vito, niliinunua kwa shilingi 15,000 katika duka moja la vifaa vya ofisi mjini Mtwara, mvua za Desemba zilipoanza. Nilitaka kumaliza ubishi wa muda mrefu na shemeji yangu juu ya magugu yenye maua ya rangi ya machungwa iliyokolea, yanayoota chini ya mikorosho yetu nje ya Mikindani. Yeye huyaona kuwa mmea mmoja, nami nilishikilia kuwa ni miwili.

Magugu hayo ni ya jamii ya alizeti. Ugumu wa jamii hiyo ni kwamba kile tunachokiita ua ni kichwa kilichokusanya vijiua vingi, na alama zinazotenganisha mmea na nduguye mara nyingi hujificha katika sehemu za milimita chache, ambazo picha ya simu iliyopigwa kwa juu haiwezi kuzionyesha. Nilikwisha kujaribu programu ya simu ya kutambua mimea, nayo ilinipa jina moja asubuhi na jina jingine jioni kwa shina lile lile.

Kwa lenzi, jibu lilipatikana chini ya ua. Katika Emilia, mmoja wa mimea hiyo miwili, kikombe cha kijani kinachoshika vijiua kimeundwa kwa safu moja tu ya vijani vyembamba vilivyosimama bega kwa bega, na chini ya safu hiyo hakuna kitu. Katika Crassocephalum, ule wa pili, naye mwenyeji wa Afrika ya kitropiki, shina la kikombe limezungukwa na vijani vingine vifupi mno, mithili ya pindo lililochanika. Ni kweli kwamba vichwa vichanga vya Crassocephalum crepidioides huinama, lakini kwa jua la saa saba mchana hata mmea usio na tabia hiyo huinamisha kichwa, kwa hiyo kuinama pekee si alama ya kutegemea. Shemeji alitazama kwa muda mrefu, akakubali kuwa ni mimea miwili, kisha akasema kwamba siku ya palizi yote itakwenda na jembe.

Mchunga nao, ile mboga chungu tuijuayo wote, umenifurahisha kuliko nilivyotarajia. Vijiua vyake vyote ni vya umbo la ulimi, na ncha ya kila ulimi ina meno matano, ilhali ndimi za pembeni za Tridax, mgeni kutoka Amerika ya kitropiki aliyejaa kando ya barabara zetu, huwa na meno matatu. Ukiukata mchunga unatoa utomvu mweupe, jambo lisilohitaji lenzi. Kwa maua madogo ya zambarau, Cyanthillium cinereum ambayo ni ya kwetu ina mbegu zenye nywele nyeupe, na mbegu za Ageratum conyzoides ambayo ni ngeni zina vigamba vitano vyenye ncha kali.

Sasa kasoro. Fremu imepigwa chapa ya kukuza mara 30, na muuzaji aliirudia kwa kujiamini kabisa. Lenzi ya nguvu hiyo ingelazimu ua likae milimita 8 hivi kutoka kwenye kioo, lakini hii huonyesha vizuri kwenye sentimita 2.5, kwa hiyo hukuza mara 10 tu. Kwa kazi ya maua kiasi hicho kinafaa zaidi, kwa kuwa mara 30 ungeona eneo dogo mno na mkono ungetetemeka. Hata hivyo uongo wa chapa unaudhi. Pembezoni mwa kioo kuna utepe wa rangi za upinde wa mvua, hivyo tazama katikati pekee. Kosa la wanaoanza ni kuishika lenzi mbali kama wanavyosoma gazeti, wakati inatakiwa ikaribie jicho kabisa, kisha ua ndilo lisogezwe mpaka lionekane wazi.

Kwa bei hiyo ningeinunua tena. Kilichoharibika hadi sasa ni skrubu ya bawaba, iliyoshika kutu kabla ya Machi kwa hewa ya bahari. Nimeing'oa na kufunga kipande cha mshipi wa kuvulia samaki badala yake.