Skana ya mkononi ya kusomea chipu: miezi sita ya kumhamisha mbwa wangu

Nilinunua kifaa hiki kwa hofu. Doa, mbwa wangu jike wa miaka sita, alikuwa anahama nami kwenda nchi mojawapo ya Umoja wa Ulaya, na siku ya kwanza tulipokwenda kwa daktari wa mifugo kuanza taratibu, skana ya kliniki haikuonyesha kitu. Daktari aliipitisha mabegani mara tatu, akabadilisha betri, akaipitisha tena. Kimya. Mkononi nilikuwa na kadi niliyopewa na mtu aliyemlea Doa kabla yangu, yenye namba ya chipu, kile kitambulisho kidogo kinachowekwa chini ya ngozi ya mnyama, na ghafla sikuwa na uhakika kama namba ile ni ya mbwa huyu au wa mwingine.

Kliniki ya pili ilikuwa na skana kubwa ya zamani inayosoma masafa ya mawimbi zaidi ya moja. Ilipofika tu shingoni ikalia, na namba ikalingana na kadi. Nilipiga magoti nikamkumbatia Doa pale pale sakafuni.

Kumbe chipu ilikuwa nzima muda wote. Kitu hiki kina ukubwa wa punje ya mchele, hakina betri, na hakijui mnyama yuko wapi. Kinalala kimya mpaka skana ikirushie mawimbi. Nguvu ya mawimbi hayo ndiyo inayokiamsha kikajibu kwa namba yake, basi. Skana ikiwa ya masafa mengine, chipu haiamki. Chipu ya Doa ilikuwa ya mfumo wa zamani, yenye tarakimu 10 na masafa ya kilohezi 125. Kiwango cha kimataifa kinachotambulika kwa safari, ISO 11784 na 11785, ni tarakimu 15 na kilohezi 134.2. Skana ya kliniki ya kwanza ilikuwa ya masafa haya mapya tu. Hakuna aliyekosea, ila mbwa wangu angefika mpakani akaonekana hana kitambulisho.

Wenye wanyama wengi hawajui kwamba Umoja wa Ulaya unampokea mnyama mwenye chipu isiyo ya kiwango hicho, mradi mwenyewe aje na kifaa kinachoweza kuisoma. Hiyo ndiyo sababu iliyonifanya ninunue skana. Nilitaka kusafiri nayo mfukoni, niitoe ikihitajika.

Ni nyepesi, inaenea kiganjani, na kichwani ina duara kama kioo cha kukuzia maandishi. Unabonyeza kitufe kimoja, unalipitisha duara juu ya manyoya, ikipata chipu inalia na namba inatokea kwenye kioo kidogo. Inachajiwa kwa waya kama simu, inasoma masafa yote mawili niliyoyataja, na inahifadhi orodha ya namba ilizosoma.

Usiku wa kwanza nilidhani nimeuziwa kifaa kibovu. Nilikuwa naipitisha haraka, umbali wa kiganja kutoka mwilini, Doa akiwa amevaa ukanda wake wenye pete za chuma. Nilikaribia kuirudisha dukani. Kesho yake nilimvua ukanda, nikamlaza juu ya mkeka mbali na vyuma, nikaanza nyuma ya masikio na kushuka polepole huku duara likigusa manyoya, nikienda kushoto na kulia kama anayechora nyoka. Nilipoligeuza duara kidogo ubavu, ikalia. Chipu hujibu vizuri zaidi ikiwa imelala upande unaopatana na duara, kwa hiyo sehemu ileile inapaswa kupitiwa zaidi ya mara moja, kwa pembe tofauti. Maelekezo ndani ya boksi hayasemi lolote kuhusu hili, na hapo nawalaumu watengenezaji kwa dhati, maana mtu anaweza kuamini mnyama wake hana chipu kwa sababu tu hakufundishwa kuitafuta.

Mpango wangu wa kusafiri na skana mfukoni ulizimwa na daktari kwa sentensi moja: "Dada, safari ya miezi yote hii usiitundike kwenye betri moja." Alishauri Doa awekewe chipu ya pili, ya tarakimu 15, na ile ya zamani iachwe ilipo. Kuitoa ni upasuaji usio na faida. Namba zote mbili ziliandikwa kwenye hati zake pamoja na tarehe ya kila moja.

Mpangilio wa tarehe ndio uliotuongezea miezi, na ningetamani kila anayepanga kuhama na mnyama aujue kabla hajakata tiketi. Chanjo ya kichaa cha mbwa inahesabika tu ikiwa imetolewa siku ya kuwekwa chipu au baada yake. Ikitangulia chipu, hata kwa siku moja, kwa macho ya mkaguzi ni chanjo ya mbwa asiyejulikana. Chanjo ya Doa ilikuwa bado hai na ilifungamana na namba ya zamani, lakini daktari alitaka kila karatasi ibebe namba moja ambayo skana yoyote ingeisoma. Akamchanja upya siku ileile ya chipu mpya. Tulikuwa tunatoka nchi isiyokuwa kwenye orodha ya nchi zilizosamehewa kipimo cha damu, kwa hiyo tukasubiri siku 30, ikachukuliwa damu ya kupima kingamwili, ambazo hazitakiwi kupungua 0.5 ya yuniti za kimataifa kwa mililita. Matokeo yakija mazuri, kuna miezi mitatu mingine ya kungoja, inayohesabiwa tangu siku ya kutoa damu. Anayekwenda Marekani naye ajue kwamba tangu tarehe 1 Agosti 2024 kila mbwa anayeingia huko lazima awe ametimiza miezi sita na awe na chipu inayosomeka kwa skana ya kawaida ya ukaguzi, na huko pia chipu inatakiwa iwe imetangulia chanjo.

Kwa hiyo sikuihitaji tena skana kwa kazi niliyoinunulia. Lakini ndiyo iliyotuokoa, tena mara mbili.

Mara ya kwanza ni siku matokeo ya damu yalipofika. Nilikwenda kuyachukua na Doa, nimeiweka skana mfukoni kwa mazoea tu. Pale mapokezi nilimwomba dada aliyekuwa zamu anisaidie kuhakiki. Nikamsoma Doa, nikawa naita namba kwenye kioo tarakimu tatu tatu, naye anafuatisha kwenye cheti kwa ncha ya kalamu. Tatu za kwanza sawa. Tatu zilizofuata sawa. Tulipofika mwisho kalamu ikasimama. Kwenye kioo cha skana namba iliishia 476. Kwenye cheti iliishia 467. Tuliisoma upya mara mbili, hakuna aliyesema neno. Fomu iliyokwenda maabara na damu ilikuwa imejazwa kwa mkono, na aliyeijaza aligeuza tarakimu mbili za mwisho. Kadi ya chanjo ilikuwa sahihi, fomu ya chipu ilikuwa sahihi, na kosa lilikaa kwenye karatasi ambayo ningeifungua kwa mara ya kwanza mbele ya mkaguzi. Kisheria ile ilikuwa damu ya mbwa mwingine.

Maabara ilitoa cheti kipya baada ya daktari kuandika barua na kuambatanisha nakala za hati. Tulipoteza siku chache, na kwa kuwa bado tulikuwa ndani ya miezi mitatu ya kungoja, safari haikuguswa. Tangu hapo nimeshika jambo moja. Chipu huja na stika kadhaa zenye namba yake na mistari ya kusomwa na mashine. Omba stika ibandikwe kwenye kila hati, pamoja na fomu ya maabara, ili pasiwe na mkono wa kunakili. Tarakimu 15 ni nyingi mno kwa jicho la mtu aliyechoka.

Mara ya pili ilianzia nyumbani, majuma mawili kabla ya kuondoka. Nilikuwa namsoma Doa kila Jumapili, na Jumapili ile pale katikati ya mabega, mahali nilipopazoea, skana ilisoma namba ya zamani tu. Chipu mpya haikuonekana. Moyo ulinienda mbio. Nikazidi kushuka, sentimita baada ya sentimita, hadi bega la kushoto kwa chini, karibu na linapoanzia ungio la mguu, ndipo ikalia. Chipu ilikuwa imehama. Jambo hili hutokea: kabla nyama haijaishika vizuri, chipu inaweza kuteleza chini ya ngozi ikashuka begani, hata kuelekea kifuani. Haimuumizi mnyama, lakini inampoteza anayeitafuta juu peke yake. Daktari alithibitisha kwa skana yake na kuongeza kwenye cheti cha afya maneno machache kuhusu mahali ilipo. Kama isingepatikana kabisa, hatua ambayo ingefuata ingekuwa eksirei, maana kwenye picha chipu huonekana wazi hata ikiwa imekufa.

Tulipofika, kwenye ukaguzi, afisa alipenyeza skana yake juu ya kizimba, akapitisha mabegani. Hakuna kitu. Akarudia. Doa alikuwa ametulia kwa uchovu, kizimba kina mlango wa vyuma, na nyuma yangu foleni inasogea. Nilimwomba kwa upole aniruhusu nimtoe, nikamwonyesha maneno ya kwenye cheti na kumgusa Doa begani. Skana yake ililia hapo hapo. Akalinganisha namba na karatasi, akageuza kurasa, akagonga muhuri. Skana yangu haikutoka mfukoni, lakini bila ile Jumapili nisingejua pa kugusa.

Sasa kasoro zake, maana zipo. Umbali wa kusoma ni mdogo mno. Ikiachana na manyoya kidogo tu haipati kitu, na kwa mbwa mwenye manyoya mazito ni kazi ya subira. Kioo chake hakisomeki juani. Inajizima haraka, kabla hujamaliza kumgeuza mnyama upande wa pili. Kwa mnyama mwenye chipu mbili kama Doa, hutoa namba moja kwa kila kubonyeza, ile iliyoiwahi, kwa hiyo ukipata moja usiache kutafuta. Orodha yake ya namba haikubali jina, na nilipoihamishia kwenye kompyuta programu ya jedwali iliifupisha namba ya tarakimu 15 ikawa nukta na herufi E. Safu hiyo iwekwe kama maandishi kabla ya kubandika namba, la sivyo utachapisha karatasi yenye namba isiyo na maana.

Wengine watakerwa na jambo ambalo mimi naliona la kawaida: skana inatoa namba tu. Haitoi jina la mnyama wala la mwenyewe. Tarakimu tatu za kwanza huwa ni alama ya nchi, au zikianzia 900 na kuendelea, alama ya mtengenezaji; hazisemi mnyama anaishi wapi. Jina na simu viko kwenye sajili, na sajili inajua tu kile ulichoiambia. Doa alikuwa bado ameandikishwa kwa simu ya mlezi wake wa kwanza, miaka minne baada ya kuja kwangu. Nililiona hilo nikishughulikia safari, na liliniuma kuliko mengine yote, kwa sababu kama angepotea katika miaka hiyo, chipu yake ingempigia mtu mwingine. Sasa namba zake zote mbili ziko kwenye sajili ya nchi tunayoishi, na simu imeandikwa kwa alama ya nchi mbele.

Naipa skana hii nyota nne kati ya tano. Anayehama na mnyama, au mwenye wanyama kadhaa, au anayepokea wanyama waliopotea, namshauri aichukue, na aichukue mwanzo kabisa wa taratibu, kabla ya chanjo. Anayebaki nyumbani na paka mmoja anaweza kumwomba daktari amsome bure kila akienda kwa chanjo ya mwaka. Na kama chipu ya mnyama wako ni ya zile za zamani ambazo namba yake imefungwa kwa msimbo wa mtengenezaji, usinunue aina hii. Niliijaribu kwa mbwa wa rafiki yangu mwenye chipu hiyo, kwa karibu nusu saa, duara likigusa manyoya, na haikulia hata mara moja.