Sirapu ya laktulosi kwa mtoto anayebana choo: inafanya kazi ila inataka subira

Naona watu wanaiponda sana hii sirapu eti haisaidii kitu, mi naipa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja naikata kwa sababu ya chupa tu, dawa yenyewe sina ugomvi nayo. Mwanangu ana miaka miwili na kitu, choo kilikuwa kinatoka kigumu na kikubwa mpaka unashangaa kimepitaje, kilio chake usiseme, na mara nyingine unakuta kamstari ka damu mbichi juu ya kinyesi. Daktari alimbonyeza tumbo, akamkagua, akasema pale nyuma pamechanika kidogo ndo damu inapotoka, akatuandikia hii.

Sasa jambo ambalo pale dirishani la dawa hawakwambii ni kwamba hii sio dawa ya kuendesha ya fasta. Ni aina ya sukari ambayo utumbo mdogo hauwezi kuimeng'enya, kwa hiyo inashuka vile vile ilivyo mpaka utumbo mpana, huko ndo inavuta maji na bakteria wanaichachua, choo kinalainika. Mpaka uone matokeo ni siku moja mbili, hata tatu kwa wengine. Mtu anampa mtoto jioni, asubuhi hamna kitu, tayari kashaenda kuandika dawa feki! Aliyeniuzia naye eti ananiambia nimpe akikwama tu, akishajisaidia basi. Hapana jamani. Daktari alikuwa ameshatuambia tutampa kila siku, na hata choo kikilainika tuendelee kwa miezi, afu tupunguze kidogo kidogo, kwa sababu utumbo uliokaa na mzigo muda mrefu unatanuka, mtoto hata hasikii vizuri kwamba anataka kwenda, unahitaji muda urudi hali yake.

Na kuna woga, hapo ndo kwenye kazi. Mtoto akishaumia mara moja hataki tena, anabana. Wangu alikuwa anajificha nyuma ya pazia, anasimama kwa ncha za vidole, miguu kaikaza kama mti, makalio kayabana, uso mwekundu jasho linamtoka, na kila aliyemuona anasema masikini anasukuma, kumbe wapi, anazuia! Akizuia kinakaa ndani, maji yanafyonzwa, kinakuwa kigumu zaidi, siku kikitoka kinauma zaidi, anabana zaidi. Sirapu inakata huo mzunguko kwa sababu kila akienda anakuta hakiumi, ila kichwa chake kinachelewa kuamini kuliko tumbo. Choo kimekuwa laini kabisa na bado anakimbilia pazia, msimkaripie wala msimcheke.

Kilichosaidia sana pamoja na dawa ni kumkalisha kwenye poti baada ya kula, dakika chache tu, maana chakula kikiingia tumboni utumbo wa chini nao unaamka. Miguu ikanyage chini au kwenye kistuli, magoti yapande juu kidogo ya nyonga, miguu ikining'inia hewani hawezi kusukuma vizuri.

Ubaya wake: gesi. Siku za mwanzo mtoto alikuwa anajamba kama mtu mzima na tumbo linajaa, baadaye ilipungua. Chupa nayo ni kero, sirapu ni nzito, inachuruzika pembeni, kifuniko kinaganda, sisimizi wanakuja kama wamealikwa. Tumia bomba la kupimia lisilo na sindano, kijiko cha jikoni kinadanganya, na dozi muulize daktari anayejua umri na uzito wa mtoto wako, usichukue yangu.

Nepi ikianza kuchafuka na kinyesi cha majimaji kidogo kidogo wakati tumbo ni gumu, usiseme anaharisha ukaacha dawa, inawezekana yanapita pembeni ya donge lililokwama, mrudishe akapimwe. Mtoto mwenye galaktosemia, yaani ugonjwa wa kuzaliwa nao ambao mwili unashindwa kutumia sukari ya galaktosi, hii haimfai. Na tumbo likivimba, au anatapika hasa matapishi ya kijani, achana na sirapu nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Wanaouliza kati ya hii na unga wa makrogoli, ule wa kukoroga kwenye maji nao wa kulainisha choo: miongozo ya 2014 ya mabingwa wa matumbo ya watoto wa Ulaya na Marekani inautanguliza makrogoli, laktulosi inakuja pale huo ukikosekana. Kwa hiyo kama unaupata na daktari kakubali, anza nao, hauna ule utamu wa kukinaisha. Kama ipo sirapu tu, nunua sirapu, sisi imetutoa.