Terrier: Kuruta Mwenye Masikio ya Mtaani

Riwaya ya Terrier, iliyoandikwa na Mmarekani Tamora Pierce na kutolewa mwaka 2006, imewekwa katika nchi ya kubuni ya Tortall, lakini msomaji wa Mbeya aliyezoea vichochoro vya Mwanjelwa hatakuwa mgeni kabisa katika mji wake mkuu, Corus. Beka Cooper, msichana wa miaka 16 aliyezaliwa katika mitaa ya maskini ya mji huo, anaanza mafunzo ya uaskari chini ya askari wawili wazoefu, Tunstall na Goodwin.

Uzuri wa kitabu ni kwamba kazi hiyo inafundishwa kwa kuzunguka lindo usiku, kusikiliza na kukumbuka sura za watu. Hata uchawi wa Beka ni wa kukusanya habari: husikia roho za marehemu zinazobebwa na njiwa, na huvilisha vumbi visulisuli vya kwenye kona za mitaa ili viachie maneno ya wapita njia viliyoyameza. Sisi tulioonywa utotoni tusikisogelee kisulisuli cha kiangazi, kwa kuwa kina wenyewe, hatuhitaji kushawishiwa. Hata hivyo, roho hazipandi kizimbani, na Beka ana haya kiasi kwamba kutoa ushahidi mbele ya hakimu kunamtesa kuliko kumkimbiza mwizi.

Anafuatilia kesi mbili: watoto wa maskini wanaotekwa na mtu aitwaye Nyoka wa Kivuli, na vibarua wanaotoweka baada ya kuajiriwa kwa siri kuchimba vito. Hiyo ya pili itamgusa yeyote mwenye ndugu aliyekwenda kutafuta dhahabu Chunya.

Rushwa haikufichwa, askari wa Corus hupokea mifuko ya fedha kama jambo la kawaida, nami naona Beka ameyakubali mazoea hayo upesi mno. Udhaifu mwingine ni muundo wa shajara, kwani ni vigumu kuamini kwamba mtu aliyetoka lindo usiku wa manane huketi kuandika kurasa nyingi za mazungumzo, neno kwa neno. Utangulizi nao, unaopitia shajara za watu wengine, unachosha.

Kiingereza chake kimejaa misimu ya mitaa ya Corus, hivyo mwanafunzi wa kidato cha tatu atahitaji mtu wa kusoma naye. Atakayeimaliza atafute Bloodhound ya mwaka 2009, ambamo Beka, sasa askari kamili, anawasaka watengenezaji wa sarafu bandia.