TAHADHARI: "Macia iliyopimwa DNA" inayouzwa minadani Dodoma

Ndugu wakulima wa Chamwino, Bahi na Kongwa, jamaa anayeuza mbegu za mtama anazoziita aina ya Macia ameanza kuzunguka tena. Anatandika turubai, anapanga mifuko ya mtama ya kilo mbili yenye picha ya ngazi iliyojisokota, ile inayochorwa kuonyesha DNA (vinasaba), na pembeni ana kichupa cha dawa ya kahawia. Ukimuuliza kama kweli ni Macia, anakata punje kwa wembe, anadondoshea tone. Punje inageuka bluu nyeusi. "Umeona mzee? Hiyo ndiyo DNA ya Macia." Nikatoa elfu ishirini na nne kwa mifuko miwili, na kichupa akanipa cha bure.

Nilishapanda ndipo mpwa wangu wa kidato cha pili alipokuja likizo, akakinusa. "Mjomba, hii si ayodini?" Akadondoshea kiporo cha ugali. Bluu nyeusi ile ile! Muhogo, mchele, kiazi, chochote chenye wanga kingefanya hivyo.

Macia ni mtama mfupi wa punje nyeupe, unaishia mita moja na nusu hivi. Wangu mwingine ulinipita kimo, na masuke mekundu yakachanganyika na meupe. Ndege ndio walijua kuchagua: mweupe wakala, mwekundu wenye ukakasi wakaniachia. Mnunuzi akafungua gunia moja, akalifunga.

Kipimo cha DNA kipo, ila ni cha maabara. Wanasaga jani au mbegu, wanatoa DNA, wanaizidisha kwenye mashine ya PCR, halafu wanalinganisha alama zake na sampuli ya Macia halisi. Pasipo sampuli ya kulinganishia, hakuna cha kupima. Njia nyingine ni protini za ndani ya punje, kafirini kwenye mtama, gliadini kwenye ngano: zinapitishwa kwenye jeli kwa umeme, zinajipanga mistari inayosaidia kutofautisha aina. Na hupimwa punje nyingi, moja moja. Punje moja haiwezi kusemea mfuko mzima.

Mifuko yake haina lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu. Nilidhani ile picha ya ngazi ndiyo lebo, nicheke tu.

Mliokwisha kununua, msitupe mfuko, na bakizeni punje kadhaa kabla ya kupanda. Mkaguzi wa mbegu atahitaji vyote viwili. Mimi nilibaki na mfuko mtupu.