TAHADHARI: Sabufa ya gari ikichemka, usikubali kuuziwa feni

Wakuu, habari za muda huu. Wiki iliyopita moshi ulitoka kwenye buti la gari langu, mwanangu wa miaka sita akiwa amelala kiti cha nyuma. Tulikuwa tumeshaipita Mlandizi, tunaelekea Chalinze. Tulishuka salama, namshukuru Mungu. Lakini aliyeniuzia muziki ule bado yuko dukani kwake Kariakoo anaendelea kuuza, na mchezo wake sasa nimeuelewa mwanzo mpaka mwisho.

Iko hivi. Mwezi Machi nilinunua kwake sabufa ya inchi 12 iliyoandikwa wati 1600, amplifaya iliyoandikwa wati 3000 na seti ya nyaya, jumla 480,000. Fundi wa kufunga akanipa palepale. Siku za mwanzo besi ilipiga vizuri. Baadaye nikaona nikisikiliza kama nusu saa hivi, besi inafifia yenyewe wala sijagusa sauti, kisha inafuata harufu ya gundi inayoungua. Nikizima ikapoa, inarudi kama kawaida.

Nikamrudia. "Bosi wangu, hilo joto la Dar tu, sabufa kubwa zote zinachemka. Weka feni." Akaniuzia feni mbili za volti 12 kwa 60,000, fundi wake akazikaza nje ya boksi. Hakuna kilichobadilika. Mara ya pili akasema amplifaya ndiyo inazidiwa, niongeze 150,000 anipe ya wati 5000. Nikaongeza. Hiyo ndiyo iliyotoa moshi.

Sabufa nikaipeleka kwa mzee mmoja fundi wa spika, Temeke. Akavua gamba la mpira linalofunika sumaku. Kwa nje unaona sumaku nene ya kukubalika, kumbe sumaku yenyewe ni ndogo kama kisosi, pengine pote pamejazwa plastiki. Koili, yaani ule waya uliozungushwa unaoisukuma spika, nyeusi tii, gundi imelainika, waya umefumuka na kukwama. "Mwanangu," akaniambia, "hii hata wati 200 za kudumu haibebi."

Halafu akanionyesha kitu ambacho ningekijua mapema nisingelia leo: fyuzi za amplifaya. Ile ya kwanza ilikuwa na fyuzi moja ya ampia 30. Gari likiwa linawaka, umeme wake ni kama volti 14. Zidisha 14 kwa 30, unapata wati 420. Huo ndio umeme inaoweza kuvuta kwa kudumu bila fyuzi kukatika, na sehemu yake inageuka joto humohumo kabla ya kuifikia spika. Wati 3000 zitoke wapi? Zingehitaji zaidi ya ampia 200, na alteneta, yaani kifaa kinachozalisha umeme wa gari, kwa gari dogo kama langu haitoi hata nusu ya hapo. Ile ya "wati 5000" ilikuwa na fyuzi mbili za 25. Fanya hesabu mwenyewe.

Mtanisamehe nikikaa kidogo hapa kwenye joto, maana ndipo wengi tunapoliwa. Spika hupeleka sehemu ndogo sana ya umeme kwenye sauti. Sehemu kubwa mno huishia kuwa joto kwenye koili. Koili ikipata moto, ukinzani wake unapanda, umeme unaoingia unapungua, na ndiyo maana besi inafifia. Kile kufifia ni kilio cha kwanza cha sabufa. Mimi nilikijibu kwa kuongeza sauti.

Amplifaya dhaifu ikisukumwa kupita uwezo wake nayo inaleta balaa lake. Wimbi la sauti linakatwa kichwa, linakuwa bapa juu na chini, na wimbi la namna hiyo likikatwa kabisa hubeba mpaka mara mbili ya nguvu ya wimbi safi la kimo kilekile. Kwa hiyo hata amplifaya ndogo inaweza kuichoma sabufa. Kile kitufe cha gain watu wanakidhania cha sauti, si cha sauti. Kazi yake ni kuioanisha amplifaya na redio. Fundi wa dukani alikizungusha mpaka mwisho, na bass boost, kile cha kuongeza besi, pia mpaka mwisho.

Sasa feni ingesaidia nini? Koili imejificha katikati ya sumaku, sumaku iko ndani ya boksi lililofungwa, feni inapuliza mbao kwa nje.

Nyaya nazo, nilipokwangua kwa kisu, ndani ni nyeupe: alumini iliyopakwa shaba, mpira mnene, waya mwembamba. Na fyuzi ya waya mkuu, ambayo inatakiwa ikae karibu kabisa na betri, haikuwepo. Waya ule ungegusa bodi njiani ungewaka wote. Nikilifikiria hilo na mtoto akiwa nyuma, usingizi unakata.

Ukienda kununua, uliza wati za RMS, yaani nguvu ya kudumu. Akikujibu kwa "max" tu, ondoka. Hesabu fyuzi. Mwombe avue gamba la sumaku mbele yako, na akikataa umeshapata jibu. Nenda na mita ya kupima ukinzani: koili ya omu 4 inasoma kati ya 3 na 4 hivi, ikisoma tofauti sana na kilichoandikwa, iache. Baada ya kufungwa, bass boost iwe sifuri, kichujio cha amplifaya, kinachoipa sabufa sauti za chini tu, kiwe karibu na 80 Hz, na ukisikia harufu, zima muda huohuo.

Nimerudi dukani na mabaki yote. Jibu lake: "Mali ikitoka dukani hairudi." Risiti aliyonipa ni ya kuandika kwa mkono, imeandikwa "spika 1" basi, hakuna ya EFD, yaani ya mashine ya kodi. Hata hivyo nimeamua kuyapeleka mabaki Tume ya Ushindani, FCC, maana bidhaa bandia ni kazi yao. Kama nawe umeuziwa hivi na kuambiwa uweke feni, usiitupe hiyo sabufa, na risiti yako itunze hata kama ni ya mkono. Tuandikiane twende wengi.